Harusi Iliyomngojea Baba

Jomvu Kuu, Mombasa
20 Machi 1994

Kwa baba yangu Mbwana Athmani, Baltimore, Amerika.

Shikamoo baba. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na Idi tumeila vizuri, ingawa mvua iliwakuta wanaume uwanjani hawajamaliza hotuba. Ami Mwidani ameezeka upya upande wa jikoni. Mama hajambo huko Junda kwa mumewe. Bibi Dhahabu anakusalimu sana. Miguu yake haina neno, lakini macho yamefifia, kwa hivyo barua zako namsomea mimi, na pakimpendeza hunirudisha mwanzo.

Baba, nina jambo, na nimelizunguka muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Wamekuja watu kuniposa. Mwenye kuposa ni Ishaka, mwana wa Bi Mwanasaumu, fundi wa kuchomelea vyuma hapo Changamwe. Ami amemchunguza, Bibi amemridhia, nami sikukataa. Nina miaka ishirini sasa.

Walii wangu ni wewe. Ami anasema kama huwezi kuja, uandike barua ya wakala, umpe yeye idhini ya kuniozesha badala yako, watie saini mashahidi wawili Waislamu, uitume. Ni karatasi moja tu. Lakini mimi baba ningependa uje. Nalikuwa na miaka minane ulipopanda meli. Shati lako la siku ile nalikumbuka, lilikuwa na mistari ya buluu. Uso nauona kwenye picha tu.

Mwanao,
Mwanakheri


Baltimore
14 Aprili 1994

Mama yangu Mwanakheri,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako ilinikuta natoka kazini, nikaisoma ngazini hapo hapo nimesimama. Mimi mzima. Baridi ya huku ndiyo kwanza inaanza kulegea. Mbusie Bibi mikono, na Mwidani mwambie nimefurahi kusikia habari ya paa.

Karatasi hiyo ya wakala sitaiandika. Usihuzunike, nisikilize kwanza. Sitaiandika kwa sababu nitakuja mwenyewe. Mwidani ni ndugu yangu na sina kinyongo naye, lakini binti mimi ninaye mmoja, na mkono wa mume wake nitaushika mimi.

Sijapata kukueleza kazi yangu sawasawa. Nafanya usafi kwenye uwanja wa besiboli. Ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu, una vipindi tisa, na watu hukaa saa tatu wakila njugu na kutupa maganda chini ya viti. Maganda hayo ndiyo yangu. Msimu huanza Aprili ukaisha mwanzo wa Oktoba, na katikati yake hakuna ruhusa.

Yuko mchezaji mmoja wa timu yetu, wa nambari nane mgongoni. Tangu mwisho wa Mei 1982 hajakosa mechi hata moja. Mimi niliteremka bandarini hapa Agosti ya mwaka ule ule, basi tangu niujue mji huu, kila siku ya mchezo yeye yupo. Ameumia kifundo cha mguu, ameumia goti, yupo. Watu wanahesabu mechi zake magazetini. Wanasema akijaaliwa, mwakani atapita rekodi iliyokaa zaidi ya miaka hamsini. Mtu wa namna hiyo nampenda.

Wekeni siku Oktoba, msimu ukisha. Nitakuozesha mwenyewe, inshallah.

Baba yako,
Mbwana


Jomvu Kuu
12 Juni 1994

Shikamoo baba.

Tumepokea barua, na Bibi nimemsomea mara nne. Huku watu wamekuwa wazito tangu feri ilipozama Mtongwe mwezi wa Aprili. Kwetu hatukupoteza mtu, lakini hakuna mtaa usiokuwa na matanga. Ndiyo maana hatukutaka haraka ya sherehe, na Oktoba yako imetufaa.

Siku imewekwa. Ni Ijumaa, tarehe ishirini na moja Oktoba, baada ya sala ya alasiri. Bi Mwanasaumu amekwisha nunua kitanda. Bibi anataka chumba kipakwe chokaa na anasimamia mwenyewe, ingawa haoni. Hupapasa ukuta kwa kiganja akasema hapa bado. Ishaka ameniuliza unapenda kula nini. Nilimwambia samaki wa kupaka, kisha nikaona aibu, kwa kuwa sikujua kama ni kweli. Bibi amesema ni kweli.

Wiki jana mimi na Ami tulikwenda posta, tukapiga ile nambari ya simu uliyotuandikia mwaka juzi. Aliipokea mtoto wa kike. Alisema maneno ya Kiingereza kwa haraka, nami nikashikwa na haya nikakata. Labda tulikosea nambari. Utuandikie tena.

Mwanao,
Mwanakheri


Baltimore
22 Agosti 1994

Mwanangu Mwanakheri,

Salamu kwako na kwa Bibi na kwa wote wa nyumbani. Mimi hali yangu nzuri, joto ni kali tu.

Ishaka mwambie samaki wa kupaka ni sawa kabisa.

Ikiwa redio imewaletea habari za huku, msiwe na wasiwasi. Wachezaji wamegoma tangu tarehe kumi na mbili. Wanazozana na matajiri wenye timu, na viwanja vyote nchi nzima vimefungwa. Kazi yangu nayo imesimama. Watapatana tu, hawawezi kukaa hivi. Mkeka wa harusi uwe tayari.

Baba yako,
Mbwana


Baltimore
9 Oktoba 1994

Mwanangu mpenzi,

Nimechelewa kukuandikia na najua nimechelewa. Nilikuwa nikingoja niwe na la maana la kusema.

Hawakupatana. Tarehe kumi na nne Septemba wakubwa wa mchezo walitangaza kwamba msimu umefutwa. Hata fainali hazitachezwa, jambo ambalo wazee wa hapa wanasema halikutokea tangu mwaka 1904, na vita vyote viwili vilipita zikichezwa. Mshahara wangu uliishia Agosti. Tarehe ishirini na moja sitaweza kufika.

Nakuomba mngoje. Msimuozeshe mwanangu bila mimi. Mwambie Mwidani hivyo, kwa heshima.

Baba yako,
Mbwana


Jomvu Kuu
30 Oktoba 1994

Shikamoo baba.

Sote wazima. Ami alikuwa na homa, imepoa. Barua yako ya tarehe tisa tumeipata juzi, tarehe ishirini na nane. Siku yenyewe ilikuwa imepita wiki nzima.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana Ami amesema hawezi kuandika, na Bibi hazungumzi habari hizi.

Ami alikwenda uwanja wa ndege Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alivaa kanzu ile nyeupe uliyomletea zamani ulipokuwa baharia, ili umtambue. Alhamisi alirudi jioni, akavua viatu, akasema, "Huenda anakuja na ya kesho asubuhi." Ijumaa asubuhi alikwenda tena. Ng'ombe alikuwa amekwisha chinjwa. Wanawake walikuwa wamekaa uani tangu alfajiri wakikuna nazi, nami nimefungiwa chumbani na hina yangu.

Alasiri Ishaka alifika na watu wake, wakakaa barazani. Sheikh aliyekuja kufungisha nikaha akaniita nyuma ya pazia. Akasema, "Binti, walii akiwa mbali namna hii na habari zake hazipatikani, Kadhi anaweza kusimama mahali pake. Twende mjini Jumatatu, yakamilike."

Bibi alikuwa amekaa karibu yangu. Akaniuliza, "Wasemaje, mwanangu?"

Nikasema, "Baba ameandika kwamba ataniozesha mwenyewe. Nitamngoja."

Ami alitoka kwenda barazani kuwaambia wenzake. Baadaye akaja mdogo wa Ishaka, msichana, akanipa ujumbe kupitia dirishani: "Kaka anasema, naye atangoja."

Chakula kililiwa. Watu walikula wakaondoka upesi, kwa sauti za chini, kama waliotoka matangani.

Baba, ule wakala bado unaweza kuuandika. Na kama unakuja, tuandikie siku. Habari ya ile nambari ya simu hukunijibu.

Mwanao,
Mwanakheri


Baltimore
15 Januari 1995

Mwanangu,

Nilisoma barua yako nikashindwa kula. Niwieni radhi, wewe na Mwidani na watu wa Ishaka.

Theluji imeanguka tangu juzi. Nimepata kazi ya kuosha vyungu katika hoteli, naingia saa kumi na moja alfajiri. Mgomo bado. Mambo yakitengemaa nitakuja, na wakala hautahitajika. Siku yenyewe siwezi kuitaja bado.

Bibi mwambie namuota.

Baba yako,
Mbwana


Baltimore
7 Mei 1995

Mwanangu Mwanakheri,

Ni miezi sita sasa sijapata herufi yako hata moja. Nilidhani barua zimepotea njiani, nikaenda kuuliza posta. U mzima? Bibi ni mzima?

Mgomo umekwisha, ulikwisha tarehe mbili Aprili, na viwanja vimefunguliwa. Watu wamerudi wachache, wamekasirika na mchezo. Yule wa nambari nane yupo vile vile. Wanasema akiendelea hivi, siku yake itakuwa tarehe sita Septemba.

Mbona huandiki?

Baba yako,
Mbwana


Jomvu Kuu
2 Julai 1995

Shikamoo baba.

Tu wazima. Bibi anakusalimu. Mvua zimekuwa nyingi, na shamba la Ami limechukua maji, mihogo imeoza. Nasomesha watoto wadogo chuoni, asubuhi, alifu na be.

Ishaka hajambo, nasikia.

Mwanao,
Mwanakheri


Baltimore
10 Septemba 1995

Mwanangu Mwanakheri,

Nakusalimu wewe, na Bibi, na ndugu yangu Mwidani, na kila atakayekuwa karibu barua hii inaposomwa. Ukiweza, isome kwanza peke yako.

Jumatano iliyopita ilikuwa tarehe sita. Uwanja ulijaa mpaka juu, watu arubaini na sita elfu. Nyuma ya uwanja huu kuna ghala refu la zamani la matofali, na ukutani walitundika nambari kubwa sana, 2130, idadi ya mechi alizocheza yule bwana bila kukosa, sawa na rekodi ya zamani. Katika besiboli, mechi ikifika kipindi cha tano huwa imehesabika hata mvua ikinyesha. Basi kipindi cha tano kilipofika nusu yake, waliangusha kitambaa cha mwisho, 0 ikawa 1.

Watu walisimama wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na mfuko wangu wa taka. Nilidhani wataacha, hawakuacha. Gazeti lilisema ni dakika ishirini na mbili. Mchezo ulisimama, hata timu ya pili walisimama wakimpigia. Na yeye jambo la kwanza alilofanya alikwenda penye ua wa mbele walipokaa watoto wake wawili, msichana na mvulana, akavua lile shati la kuchezea akawapa. Akawabusu. Ndipo wenzake wakamsukuma azunguke uwanja kuwapa watu mikono.

Mzee mmoja asiyenijua alikuwa kiti cha pembeni karibu nami, machozi yanamtoka. Akaniuliza, "Una watoto?"

Nikamwambia, "Nina mabinti wawili."

Mwanangu, sijapata kulitamka hilo kwa mtu yeyote kabla ya siku ile. Nilikuandikia kwamba ninaye mmoja. Niliongopa. Hukukosea nambari ya simu. Aliyepokea ni ndugu yako. Ana miaka tisa. Jina lake Dhahabu, nimempa la Bibi. Mama yake ni mtu wa hapa, anaitwa Loretta, hufanya kazi ya kufua nguo hospitalini.

Na nilikuongopea jambo jingine kubwa zaidi. Mwaka 1982 sikuruhusiwa kushuka melini. Nilitoroka. Sina karatasi za nchi hii mpaka leo. Nimeambiwa baharia aliyetoroka hapewi hata akioa. Nikitoka, sirudi. Nilijua hivyo Aprili ya mwaka jana nilipokuandikia nitakuja, na nilijua mlipoweka siku. Kila nilipotaka kuandika wakala niliona kama naandika kwamba sitauona uso wako tena, nikaacha kalamu.

Mgomo ulikuwa kweli, lakini haukuwa ndiyo sababu. Siku niliposikia wachezaji wamegoma, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipata la kukuambia.

Wale watu elfu arubaini na sita walikuwa wakimpigia makofi mtu aliyefika kazini tu. Hakuna zaidi. Kila siku alifika. Nilisimama na mfuko wangu nikafikiri habari ya siku zako zote nilizozikosa, toka ulipokuwa na miaka minane, na ile ya mwaka jana mliponipikia.

Ndani ya bahasha hii mna wakala. Nampa Mwidani idhini kamili ya kukuozesha kwa Ishaka. Mashahidi ni Msudani na Mpakistani wa msikiti wa mtaani kwangu. Msiningoje tena hata siku moja.

Baba yako,
Mbwana Athmani


Jomvu Kuu
12 Novemba 1995

Shikamoo baba.

Sisi wazima, na twaomba nanyi muwe hivyo, wewe na mkeo na Dhahabu. Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita Septemba. Nimekaa nayo mpaka leo. Sikukuandikia upesi, nami niwie radhi.

Ishaka ameoa. Alioa mwezi wa Mei, siku kumi baada ya Idi Kubwa, msichana wa Mkomani.

Sikupata kinywa cha kukuambia mwezi wa Julai, ndipo nikaandika kwamba hajambo nasikia. Alipotaka kuniacha hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe mwezi wa Machi, baada ya Ramadhani, akasimama mlangoni na Ami akiwapo. Mama yake alikuwa mgonjwa, anataka amwone mwanawe ameoa.

Akasema, "Mwanakheri, nipe siku."

Barua yako ya Januari nalikuwa nayo na haikuwa na siku.

Akasema, "Basi twende kwa Kadhi. Kesho. Nitamwambia baba yako mimi mwenyewe, nitamwandikia, lawama nichukue mimi."

Nikamwambia, "Mwezi mmoja tena. Huenda barua iko njiani."

Alinitazama sana. Akamwambia Ami, "Huyu hakunikataa mimi. Lakini sina la kumwambia mama." Akaenda. Alingoja ule mwezi, sina la kumlaumu. Barua haikuja. Iliyokuja ni ile ya kuniuliza mbona siandiki, na ilifika siku mbili baada ya nikaha yake. Harusini nilikwenda. Nilichambua mchele pamoja na wenzangu, nikakaa mpaka mwisho ili watu wasipate la kusema.

Karatasi ya wakala nilimpa Ami. Aliikunjua, akaisoma yote polepole, akaikunja.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Haina kosa lolote." Akatoka kwenda shamba, ingawa wakati ule hakukuwa na maji ya kutoa wala mhogo wa kupanda.

Nairudisha ndani ya bahasha hii kwa sababu jina la Ishaka limo ndani, na yeye sasa ni mume wa mtu. Akija mwingine kuniposa, nitakwenda kwa Kadhi. Sitakwandikia kukuomba.

Baba, sasa nikwambie habari ya Bibi. Mara nyingi nimemsomea barua zako kwa kuruka. Ulipoandika huji, nilisoma kwamba utachelewa. Uliposahau kumsalimu, nilimtilia salamu. Lakini hii nilimsomea neno kwa neno, mchana, mlango nimeufunga. Sikuwa na nguvu ya kutunga.

Alisikiliza akiwa amekaa mkekani, miguu ameinyosha. Nilipofika kwenye jina akasema, "Rudia."

"Dhahabu."

"Tena."

"Dhahabu, bibi."

Kisha akauliza ana miaka mingapi, nikamwambia tisa, akasema basi meno ya mbele yamekwisha ota. Akataka kujua kama anasema Kiswahili. Nikamwambia nadhani hajui.

Nilipomaliza alisema, "Basi haji." Hakuwa akiuliza. Alijifunika mtandio usoni, na mimi nikatoka nikamwacha. Jioni aliomba chai. Tangu siku ile, baba, ndege zikipita juu ya nyumba zikielekea uwanjani, hatoki tena kwenda uani. Zamani alikuwa akitoka kila ndege ikipita, akisimama hapo na fimbo yake, na sikupata kumuuliza kwa nini kwa kuwa nalijua.

Amenituma maneno mawili. La kwanza ni la yule mtoto: mfundishe kuitikia, akiitwa aseme abee. La pili ni lako. Amesema nikuandikie kwamba ana radhi nawe, radhi ya mama kwa mwanawe, duniani na akhera, na kwamba usilie.

Hayo ni yake. Yangu mimi bado sijayajua. Nikiyajua nitakuandikia.

Mwanao,
Mwanakheri